Bao la Ogam lilizima Morocco, ila njia ya kutoka Chepseon ingali na miiba

WACHEZAJI kumi wa Harambee Stars walipolinda bao moja kwa dakika zote za kipindi cha pili, Jumapili ya Agosti 10, 2025 katika uwanja wa Kasarani, mashabiki waliokuwa wakihesabu dakika kwa vidole walikuwa wakilitaja jina ambalo miezi michache kabla ya hapo halikuwa likisikika sana nje ya viwanja vya Ligi Kuu ya Kenya. Ryan Ogam, mshambulizi wa Tusker mwenye umri wa miaka 20, ndiye aliyekuwa amecheka na wavu katika dakika ya 42. Muda mfupi baadaye, kabla ya mapumziko, mwenzake Chrispine Erambo alionyeshwa kadi nyekundu. Kipenga cha mwisho kilipolia, Kenya ilikuwa imeinyuka Morocco 1-0 katika Kombe la Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, CHAN.

Ushindi huo ulielezwa wakati ule kuwa muujiza. Neno hilo ni tamu kwa shabiki, lakini kwa mchambuzi halisaidii kitu. Muujiza hauna sababu, na usio na sababu hauwezi kurudiwa. Ni heri kuuliza ni kwa nini Wakenya walishangaa kiasi kile, na ni kwa nini shujaa huyo alionekana kana kwamba ameshuka kutoka mawinguni.

Kwanza, uzito wa aliyeangushwa. Morocco ilikuwa imetwaa taji la CHAN mara mbili, mwaka 2018 na tena katika makala ya 2020 yaliyochezwa 2021. Timu yake kubwa ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022, jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyokuwa imelifanya. Katika orodha ya FIFA ilikuwa miongoni mwa 15 bora duniani, ilhali Kenya haikuwamo hata katika 100 bora. Ni kweli kwamba nyota wa Morocco wanaosakata gozi Ulaya hawaruhusiwi kucheza CHAN, kwa hivyo orodha hiyo haikuwa kipimo cha haki. Kipimo cha haki kilikuwa ligi dhidi ya ligi. Hapo napo Kenya ilikuwa na sababu ya kutetemeka, kwani klabu za Morocco zimejengwa kwa fedha, viwanja na vituo vya kukuzia vipaji, kikiwemo kile cha Mfalme Mohammed VI kilichoko Salé karibu na Rabat, wakati klabu nyingi za Kenya hukesha zikitafuta nauli ya kwendea mechi ya ugenini.

Pili, historia. Kenya haikuwa imewahi kushiriki CHAN hata mara moja. Mwaka 2018 ilipaswa kuwa mwenyeji, lakini mwaka 2017 Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, likaipokonya heshima hiyo kwa sababu ya kuchelewa kwa maandalizi. Mashindano yakapelekwa Morocco, na Morocco ikayatwaa kwa kuilaza Nigeria 4-0 katika fainali. Si mara ya kwanza kwa Kenya kumwandalia mwingine karamu. Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996 lilikuwa liandaliwe Nairobi kabla ya kuhamishiwa Afrika Kusini, na Afrika Kusini ikalinyakua. Basi mtu akisema kwamba Agosti 2025 Kenya ilikuwa ikiidai Morocco deni la miaka minane, chini ya mkufunzi Benni McCarthy ambaye ni raia wa Afrika Kusini, atakuwa anatania, ila utani wake una mizizi.

Isitoshe, soka ya Kenya ilikuwa imetoka kitandani. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya baada ya serikali kuingilia uendeshaji wa shirikisho, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Novemba mwaka huo. Uongozi mpya wa FKF chini ya Hussein Mohammed ulichaguliwa Desemba 2024. McCarthy akakabidhiwa timu Machi 2025, miezi mitano tu kabla ya dimba hilo lililoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda.

Hata hivyo, anayetazama takwimu za timu hiyo kwa makini ataona kwamba kilichotendeka hakikuwa bahati nasibu. Kenya iliilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0 kwa bao la Austin Odhiambo. Ikatoka sare ya 1-1 na Angola, Odhiambo akifunga kwa mkwaju wa penalti, licha ya Marvin Nabwire kufukuzwa uwanjani mapema katika kipindi cha kwanza. Kisha ikaja Morocco. Halafu Zambia, nayo ikafungwa 1-0, mfungaji akiwa Ogam kwa mara nyingine. Katika robo fainali, Alphonce Omija akaiweka Kenya mbele dhidi ya Madagascar kabla ya wageni kusawazisha kwa penalti na hatimaye kushinda 4-3 kwa mikwaju ya kuamua mshindi.

Mechi tano, mabao matano, bao moja katika kila mechi. Hiyo ndiyo siri ya timu ile, na ndiyo pia iliyoiangusha. McCarthy, ambaye enzi zake alikuwa mfungaji, alijenga timu ya kuzuia. Mlinda lango na mabeki walifanya kazi ya kuhakikisha kwamba bao moja linatosha, na waliokaa nusu ya mechi mbili au zaidi wakiwa pungufu bila kusambaratika walikuwa wamefundishwa nidhamu ya kukaa katika nafasi zao. Timu ya aina hiyo humhitaji mtu mmoja wa kufunga, popote atakapotoka. Shujaa asiyetarajiwa huzaliwa katika mazingira kama hayo. Timu yenye kufunga mabao manne kila wiki haimtengenezi. Sifa hugawanywa, na hakuna anayebebwa juu juu peke yake. Timu yenye bao moja humtwika mfungaji taifa zima.

Siku ambayo bao moja halikutosha, safari ikaisha. Agosti 22, 2025 Kasarani ikanyamaza. Siku hiyo hiyo jijini Dar es Salaam, Morocco ikaiondoa Taifa Stars kwa bao 1-0. Hapa pana jambo ambalo mashabiki wa Kenya hawakulizungumzia sana, pengine kwa aibu ya ujirani: ushindi wa Ogam ndio uliowapeleka Wamorocco Dar es Salaam. Kenya ilimaliza kileleni mwa Kundi A kwa pointi 10, Morocco ikawa ya pili kwa pointi tisa, na mshindi wa pili wa kundi hilo ndiye aliyepangiwa kukutana na kinara wa kundi la Tanzania. Agosti 30 Morocco ilirejea katika uwanja ule ule wa Kasarani, ikaishinda Madagascar 3-2 katika fainali na kuondoka na taji la tatu. Kichapo pekee ilichopata katika mashindano yote kilitoka kwa mguu wa kijana wa Tusker.

Ogam naye hakukaa. Baada ya mashindano alijiunga na Wolfsberger AC ya Austria. Kwa mchezaji wa miaka 20 hayo ni maendeleo, na hakuna mwenye akili timamu atakayemlaumu. Lakini tukio hilo linaonyesha jinsi dirisha lilivyo jembamba: mashindano ya mwezi mmoja, yaliyochezwa nyumbani mbele ya macho ya mawakala, yalifanya kile ambacho misimu kadhaa ya ligi haikuweza kuwafanyia wachezaji wengi waliomtangulia.

Swali gumu zaidi liko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasarani, katika barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho. Chepseon ni kituo cha biashara kilichokaa kando ya barabara hiyo, katika eneo bunge la Kipkelion Mashariki, mahali ambapo msafiri huanza kuyaona mashamba ya majanichai yakitandaza rangi yake juu ya vilima. Kama ilivyo katika kila kituo cha aina hiyo nchini, mechi za Ulaya hutazamwa na vijana wanaojua majina ya wachezaji wa akiba wa Manchester kuliko ya wale wa ligi ya nyumbani. Mwezi ule wa Agosti, kwa mara moja, sababu ya kutazama ilikuwa karibu. Je, kijana wa Chepseon ana njia gani ya kufika alikofika Ogam?

CHAN ni mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Anayetaka kuonekana na kocha wa timu hiyo sharti awe katika klabu ya Ligi Kuu, au angalau ile ya daraja linaloikaribia. Na kaunti ya Kericho, tangu mwaka 2021, haikuwa na klabu ya Ligi Kuu.

Ilikuwa nayo. Zoo Kericho ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikaifanya Kericho Green Stadium kuwa makao yake, na katika msimu huo wa kwanza ikafanya jambo ambalo wengi wamelisahau. Gor Mahia walitwaa ubingwa, kama ilivyotarajiwa. Ila tuzo ya Mchezaji Bora wa Mwaka haikwenda kwa Gor, wala kwa AFC Leopards, wala kwa klabu yoyote ya Nairobi. Ilikwenda kwa Michael Madoya, kiungo wa Zoo. Mchezaji wa timu iliyokuwa imetoka tu daraja la chini, inayochezea mji wa chai ambao jina lake halikuwa likitajwa kwa kandanda, aliwapita wote. Ikiwa pana mtu anayestahili kuitwa shujaa asiyetarajiwa wa eneo hilo, ni yeye. Mwaka uliofuata alikuwa Tusker, klabu ile ile iliyokuja kumlea Ogam.

Kisha yakaja ya Aprili 2021. FIFA iliiadhibu Zoo kwa makosa ya upangaji wa matokeo ya mechi, ikaitimua kutoka Ligi Kuu na kuishusha daraja. Adhabu hiyo ilikuwa ya haki kwa mujibu wa sheria za mchezo. Anayeuza mechi huuza imani ya kila aliyelipa kiingilio. Lakini ni vigumu kuitenganisha na hali ya ligi yenyewe wakati ule. Mdhamini mkuu, SportPesa, alikuwa amejiondoa mwaka 2019. Klabu zisizo na kampuni wala taasisi ya serikali nyuma yake zilikuwa zikicheza kwa mkopo na ahadi, na mchezaji asiyelipwa kwa miezi ni windo jepesi kwa mtu mwenye bahasha. Walioumia zaidi hawakuwa waliotenda. Walikuwa wavulana waliokuwa na umri wa miaka 12 au 13 Madoya alipotuzwa, ambao walipofikia umri wa kuingia timu ya wakubwa walikuta mlango wa karibu umepigwa kufuli.

Baadaye kukatokea kinaya cha kipekee. Sherehe za kitaifa za Mashujaa za Oktoba 20, 2023 ziliandaliwa Kericho, na Green Stadium ikakarabatiwa kwa ajili ya siku hiyo. Mji ulipokuwa na timu ulicheza katika uwanja wa kubahatisha. Ulipopata uwanja wa kujivunia, timu ilikuwa imeshaondolewa ligini kwa zaidi ya miaka miwili. Katiba ya 2010 imeweka michezo na viwanja vyake miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Jukwaa la wageni waheshimiwa, hata hivyo, huonekana kuwa na mvuto zaidi kwa wapangaji wa bajeti kuliko ligi ya vijana wa chini ya miaka 15.

Wapo watakaosema kwamba Kericho na Bomet ni nchi ya wakimbiaji, na kwamba ni kazi bure kulazimisha mpira mahali ambapo watu wamezaliwa na pumzi za riadha. Hoja hiyo ina uzito wake. Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kushinda medali ya Olimpiki, alipotwaa shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, akaongeza fedha Mexico mwaka 1968. Alifariki mwaka 2022. Lakini hebu na itazamwe hadithi yake vizuri. Kiprugut hakuwa anatarajiwa na yeyote. Kenya yenyewe ilikuwa na umri wa chini ya mwaka mmoja wa uhuru. Kilichompa nafasi ni jeshi, taasisi iliyokuwa na makocha, chakula cha uhakika na mashindano ya mara kwa mara. Pumzi alikuwa nazo, na taasisi ikamwezesha kuzitumia. Riadha ilistawi katika Bonde la Ufa kwa sababu baada ya jeshi zilikuja polisi, magereza, shule zenye makocha na kambi za mazoezi. Kandanda haikupata ngazi kama hiyo huko.

Ilikuwapo moja, ndogo, nayo ilikuwa mashamba makubwa ya chai. Kampuni zilizoyamiliki zilijenga nyumba za wafanyakazi, shule, zahanati na viwanja, na wafanyakazi wa shamba moja wakacheza dhidi ya wale wa jingine. Mfumo huo ulikuwa na dhuluma zake, na hakuna haja ya kuupaka sukari. Lakini ulikuwa na vijana wengi mahali pamoja, muda wa jioni na uwanja. Sasa umebadilika. Mashine za kuchuna majanichai zimechukua kazi za wachumaji, na hasira iliyotokana na hilo ilionekana Mei 2023 waandamanaji walipoteketeza baadhi ya mashine hizo Kericho. Umiliki nao umehama: kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilichukua mashamba ya James Finlay, na mwaka 2024 Lipton ikatangaza kuiuzia kampuni hiyo hiyo mashamba yake. Pale wafanyakazi wanapopungua, timu za mashambani nazo hupungua, na uwanja usiochezewa haukawii kuota nyasi ndefu.

Katika hali hiyo, tabia ya serikali wakati wa CHAN inastahili kutazamwa kwa jicho la pili. Rais William Ruto aliahidi kila mchezaji Sh1 milioni kwa kila ushindi. Kabla ya mechi ya Zambia ahadi ikapanda hadi Sh2.5 milioni. Kabla ya kumenyana na Madagascar, nyumba ya vyumba viwili vya kulala ikaongezwa. Wachezaji walistahili kila senti. Wengi wao hulipwa na klabu zao mishahara ya kusikitisha. Lakini kwa kikosi chenye wachezaji zaidi ya 20, dakika 90 dhidi ya Morocco peke yake ziligharimu zaidi ya Sh20 milioni za zawadi. Pesa za kiwango hicho zikiwekwa katika ligi ya vijana ya kaunti moja, zingelipa waamuzi, makocha, mipira na usafiri kwa misimu kadhaa. Tofauti ni kwamba ligi ya vijana haionyeshwi katika taarifa ya habari ya saa moja jioni.

Kuna dalili zinazotia moyo, na haifai kuzificha. Juni 2025, Nairobi United, wakati huo klabu ya daraja la pili, iliilaza Gor Mahia 2-1 katika fainali ya Kombe la FKF, kisha baadaye mwaka huo ikaiondoa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa mikwaju ya penalti na kuingia makundi ya Kombe la Mashirikisho. Mathare United, iliyozaliwa katika mitaa ya mabanda, ilifanya kitu cha aina hiyo ilipotwaa Kombe la Moi mwaka 1998. Mapinduzi ya namna hiyo, basi, si mageni katika soka ya Kenya. La kutazamwa ni mahali yanapotokea. Mara nyingi ni Nairobi, mji ambao kijana asiye na senti anaweza kutembea kwa miguu kutoka kwao hadi kwenye mazoezi ya klabu.

Kusini mwa Kericho, APS Bomet ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26. Ni timu yenye uhusiano na polisi wa utawala, na hilo linarudisha mawazo kwa Kiprugut: kwa mara nyingine, taasisi yenye mshahara ndiyo iliyofungua mlango katika nchi ya chai. Kwa kijana wa Bomet huo ni mlango wa kweli. Kwa yule wa Chepseon, hali ni tofauti kidogo. Bomet iko mbali kwa mtu wa kwenda mazoezini na kurudi kila siku. Nakuru ni mbali vilevile, na Nairobi ndiyo haisemeki. Akitaka kujaribiwa na klabu, atahitaji nauli, viatu na mahali pa kulala kwa wiki moja au mbili, bila hakikisho kwamba atachukuliwa. Gharama hiyo humwangukia mzazi, na mzazi mwenye robo tatu ya ekari ya chai hupata bonasi yake kuu mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba, wakati karo ya Januari tayari inambishia hodi.